Mpangilio wa vyombo katika nyumba za Uluguru

Katika nyumba za Waluguru, wakazi wa milima inayouinamia mji wa Morogoro nchini Tanzania, nafasi ya ndani hugawanywa na vyombo zaidi kuliko kuta. Nyumba ya kale ilikuwa ya msonge: miti, udongo na paa la nyasi. Kiini chake kilikuwa mafiga matatu, na juu yake dari ya fito iliyohifadhi mahindi. Moshi uliyakausha na kupunguza wadudu, huku masizi yakizigeuza fito kuwa nyeusi tii.

Mpangilio huo ulitawala mwili. Moshi ulitanda juu, hewa safi ikabaki chini. Ndiyo maana kigoda kilikuwa kifupi na mikeka ikatandikwa sakafuni. Aliyesimama alitokwa machozi, aliyeketi aliona vizuri. Kwa aliyeketi, nyumba ndogo ilikuwa pana, jambo ambalo ramani ya mjenzi haiwezi kulionyesha. Nje, kwa sababu ya mteremko, uwanja ulichongwa kwa jembe, na kinu kikawekwa upande usio na poromoko.

Hata mjini Morogoro vyombo hugawa nafasi: katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, familia iliyopanga chumba kimoja hutundika pazia kati ya kitanda na makochi. Hapo hupatikana sebule. Kabati la vyombo huelekezwa mlangoni, sahani na vikombe vikitangulia kumpokea mgeni. Ndoo za maji husogezwa nyuma ya mlango, na jiko la mkaa huwashwa uani.