Waa Haina Mbiu Tena, Ina WhatsApp: Hivi Ndivyo Habari Hutembea South Coast

Ukitaka kuona vile mitandao imebadilisha maisha, achana kwanza na maselebu wa Nairobi na drama zao za TikTok. Panda matatu Likoni, shuka Waa, ukae kibarazani na wazee dakika kumi. Simu italia, mzee atatoa miwani, atasoma, atanyamaza. Halafu atasema, "Inna lillahi. Fulani hatunaye."

Hapo ndipo utajua gurupu la WhatsApp la mtaa si mchezo.

Mtu akifariki alfajiri Waa, anaweza kuzikwa baada ya Adhuhuri siku hiyo hiyo. Hakuna mambo ya wiki mbili mochari na kamati ya mazishi. Kwa hivyo mtoto wake anayefanya kazi Nairobi, ama binti aliye Doha, ana masaa tu ya kujua, kupanga, na pengine kulia akiwa mbali. Zamani ungepata habari kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa mtu aliyetumwa na baiskeli, ama kwa makanga wa matatu anayejulikana kijiji kizima. Ukiwa mbali, ulikuwa unaambiwa marehemu ashazikwa juzi. Siku hizi meseji inatoka na jina, msikiti na saa, na kabla maji ya kuoshea maiti hayajachemka imefika Gulf.

Lakini saa ikiandikwa vibaya, msee, umekosa kumzika babako. Hiyo hairudiwi.

Mtongwe 1994, Likoni 2019

Mtu wa Waa hawezi kuongea habari bila kuongea feri, juu maisha yote ya South Coast yanapita pale majini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Wakati huo simu za mkononi hazikuwa kitu cha mwananchi na redio za kibinafsi zilikuwa hazijaanza Kenya. Ungeskia kwa KBC, ama kwa mtu aliyetoka ng'ambo. Kama wako hajarudi jioni, ungetembea hadi ukingoni ukatafute mwenyewe.

Sasa linganisha na Jumapili jioni, 29 Septemba 2019. Gari liliteleza nyuma kutoka MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni, mama na mtoto wake msichana wakiwa ndani. Abiria walikuwa na simu mkononi. Video ya gari likielea halafu likizama ilizunguka nchi nzima, na kila mtu akauliza swali moja: mbona hakuna aliyeruka?

Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka mita kama 58 chini. Siku hizo zote Wakenya walikaa mtandaoni wakihesabu. Msemaji wa Serikali wakati huo, Cyrus Oguna, alikuwa anatoa taarifa pale Likoni, na watu wakigeuza maneno yake kuwa vichekesho kabla hajamaliza sentensi. Wapiga mbizi wa kibinafsi kutoka Afrika Kusini wakaletwa kusaidia wanamaji. Mimi naamini bila ile video hasira isingekuwa vile, na wakubwa wasingelazimika kusimama mbele ya kamera kila siku. Upande mwingine, kuna familia iliyoona watu wao wakizama tena na tena kwa simu za watu wasiowajua. Hiyo pia ni kazi ya mitandao, na sijaona mtu akiomba msamaha.

Uvumi haukuanza na bando

Kuna watu husema WhatsApp ndiyo imeleta uongo kijijini. Waulize wazee kuhusu 1997. Kabla ya vita vya Likoni, karatasi zilisambazwa zikiambia watu wa bara wahame. Usiku wa 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na zile wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakatoroka makwao. Jina la Kaya Bombo bado halitajwi hivi hivi huku Kwale. Hakukuwa na hata gurupu moja. Ilitosha karatasi isiyo na jina la mwandishi.

Uchaguzi wa 2007 ulipolipuka, ile karatasi ilikuwa imegeuka SMS. Ndiyo moja ya sababu Bunge likapitisha sheria ya uwiano na utangamano mwaka 2008, na matamshi ya chuki yakawekewa faini ya hadi milioni moja, jela hadi miaka mitatu, ama zote mbili.

Karatasi, SMS, fowadi: shida ni ile ile. Haina mwenyewe na haina tarehe.

Tarehe nayo usidharau. Mimi mwenyewe nishafowadi meseji ya "feri zimesimama, tumieni njia mbadala" asubuhi moja nikijiona raia mwema. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Binamu yangu akaamini, akazunguka na Dongo Kundu, nauli ikamkula, na kwa usaili wa kazi akafika watu wakikunja viti. Feri zilikuwa zinavuka kama kawaida. Hadi leo nikimtumia kitu anajibu, "Ya lini hii?" Na yuko sawa.

Venye fowadi inafanya kazi

Ukiona mshale mmoja juu ya meseji, aliyekutumia si yeye aliyeandika. Ukiona mishale miwili, imepita mikono mingi, angalau mitano. WhatsApp waliweka kikomo cha kufowadi kwa gumzo tano kwa wakati mmoja dunia nzima mwaka 2019, baada ya uvumi wa watekaji watoto kusababisha watu kuuawa na umati kule India. Aprili 2020, wakati wa korona, ile ya mishale miwili ikapunguzwa hadi gumzo moja moja.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba meseji zimefungwa kwa usimbaji, kwa hivyo si chifu wala kampuni yenyewe inayoweza kuchungulia ndani ya gurupu la Waa ikatoa uongo. Mwenye hizo nguvu ni admini. Tangu 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote kwa wote, na anaweza kufunga gurupu waandike maadmini peke yao. Yaani yule shangazi aliyeanzisha gurupu la chama sasa ana kazi ya mhariri wa gazeti, na mshahara hakuna.

Voisi nazo ni dunia yake. Kwa kuandika, magurupu mengi yanaenda na Kiswahili. Mtu akibonyeza kale kamaiki, Kidigo kinatoka safi, na mama ambaye kusoma kunamsumbua anaingia kwa mazungumzo ya kijiji kama mtu mwingine. Kuna raha nyingine: Waa sauti zinajulikana. Ukisikia voisi ya "nimeambiwa na mtu wa serikali" na hakuna anayetambua ni nani anaongea, hiyo ni karatasi ya 1997 imevaa nguo mpya.

Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ilikuja na meno makali: kifungu cha 23 kiliweka faini hadi milioni tano ama jela hadi miaka kumi kwa kusambaza habari za uongo zinazozua taharuki. Chama cha wanablogu kikakimbia kortini, vifungu 26 vikasimamishwa, halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iko sawa. Vita havikuishia hapo. Mimi nadhani sheria ya namna hiyo inamtisha mwenye kusema ukweli mapema kuliko mwenye kudanganya, juu mwongo hatumii jina lake.

Chifu mmoja alionyesha njia nyingine. Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, alianza kutumia Twitter kuongea na wananchi wake zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wezi wamevamia nyumba, anaandika, majirani wanatoka. Kondoo amepotea, anaandika. Wenye simu za mulika mwizi walipata kwa SMS, kwa hivyo hakuna aliyeachwa nyuma kwa kukosa simu kali. Alifariki Januari 2021. Siri yake ilikuwa ndogo sana: kila meseji ilikuwa na jina lake juu, na ukitaka kubishana ulijua ofisi iko wapi.

Kwa hivyo ukiandika tangazo la mtaa, weka tarehe, weka jina lako, weka namba ya mtu wa familia aliyekubali. Kama ni maziko, piga simu uhakikishe saa kwanza, hata kama wa gurupu lingine wakutangulie. Na kama ni mtoto aliyepotea, usisahau meseji ya pili. Kuna picha za watoto bado zinazunguka huku pwani na "tafadhali sambaza", na mtoto mwenyewe alirudi kwao jioni ile ile, akala, akalala, na saa hii pengine yuko sekondari. Mtu hakuandika "amepatikana".