Altare Mahali pa Soko: Kanisa la Mkunazini na Sisi wa Maniema



Katika Uingereza ya karne za kati, wakulima wengi wa parokia za vijijini hawakujua kusoma, wala Misa haikuadhimishwa kwa lugha yao. Jengo la kanisa lilikuwa katekisimu yao. Kisima cha ubatizo kilisimama karibu na mlango, kwa sababu kwa ubatizo mtu huingia katika Kanisa. Kutani zilichorwa picha za watakatifu na za hukumu ya mwisho. Kati ya mahali pa waamini na mahali pa altare palijengwa ukingo wa mbao zilizochongwa, na juu yake ukasimamishwa msalaba mkubwa, ili hata aliyesimama nyuma kabisa aweze kumwona Mkombozi.

Desturi hiyo ya kufundisha kwa jiwe na mti ilivuka bahari ikafika Unguja. Huko, katika mtaa wa Mkunazini, liko Kanisa Kuu la Kristu la ndugu zetu Waanglikana. Historia yake inatuhusu sisi wa Lusangi, Kasongo na Kabambare kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1869 David Livingstone alifika Kabambare, akakaa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Kisha akaenda Nyangwe, penye soko kubwa kando ya mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara waliwafyatulia risasi waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, baadhi kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbia. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake na kuyaandika. Habari zake zilipofika Uingereza, zilikuwa sababu mojawapo ya serikali ile kumbana Sultani wa Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Wengi waliouzwa Unguja walitoka upande wa Kilwa na Ziwa Nyasa. Lakini njia ya misafara ilipita Tabora na Ujiji ikafika hadi kwetu, na kilio cha soko letu kilichangia kulifunga soko lao.

Mwaka uleule, siku ya Noeli, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa palepale sokoni. Kazi iliongozwa na Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, na ambaye mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kufundishia lugha ya Kiswahili. Ibada ya kwanza ilifanyika Noeli ya mwaka 1877. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na paa ni tao refu lililomiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Madirisha yenye ncha yanafuata desturi ya Uingereza ya kale, lakini mkono wa mafundi wa pwani unaonekana pia. Inasimuliwa kwamba nguzo kadhaa ndogo karibu na mlango zilisimamishwa juu chini wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo.

Vitu viwili ndani ya kanisa hilo vinastahili kutafakariwa zaidi. Cha kwanza ni altare. Kwa mapokeo ya mahali pale, imewekwa pale uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Hapo mwili wa mwanadamu ulipopigwa ili bei yake ijulikane, sasa unakumbukwa Mwili uliotolewa bila bei. Cha pili ni msalaba wa mti. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, majuma matano kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Hakujua kamwe kwamba soko lingefungwa. Watumishi wake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili wake hadi pwani. Kwa mbao za mti huo ulichongwa msalaba ulioko Mkunazini.

Hata hivyo, tusidanganyike. Mkataba ulifunga soko, haukuumaliza utumwa. Hapo Zanzibar penyewe, hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Kwetu uvamizi uliendelea, na baada ya Kasongo kutekwa na jeshi la Leopold mwezi wa Aprili 1893, wananchi waliingizwa katika kazi za shuruti za mabwana wengine. Altare ya Mkunazini basi haimpi taifa lolote sifa ya kujivunia.

Wala haitupi ruhusa ya kunyosheana vidole. Katika vijiji vyetu wajukuu wa watu wa misafara na wajukuu wa mateka huchota maji kisima kimoja na kuoana. Waislamu na Wakristu husemezana kwa Kiswahili kilichotufikia kwa misafara ileile. Anayesimulia historia hii ili kumtia jirani aibu anaurudisha mti wa viboko mahali pa altare.

Nasi tunapojenga vikanisa vyetu, twahesabu matofali, mabati na misumari, na ni lazima tuhesabu. Lakini ni mara chache tunaulizana kisima cha ubatizo kikae wapi, msalaba uchongwe kwa mti gani, na mahali hapa palikuwa nini zamani. Wazee wanaokumbuka masimulizi ya babu zao wanapungua kila mwaka. Tuwaulize wangali hai, na tunayoyasikia yapate nafasi katika nyumba ya Mungu, hata kama ni msalaba mmoja tu wa mti uliokua pale watu walipoteseka.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Katika kanisa letu, mtoto asiyejua kusoma anafundishwa nini na vitu anavyoviona?

2. Ni mahali gani katika eneo letu ambapo watu waliteswa, na tunawezaje kupakumbuka pamoja na jirani zetu Waislamu bila chuki?