Jaribio la Filamu la Bantu

Jaribio la Filamu la Bantu, kwa kifupi cha Kiingereza BEKE, lilikuwa mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 kutoka Vugiri, Usambara, kusini-mashariki mwa Same na Milima ya Upare. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Shirika la Carnegie la New York. L. A. Notcutt alisimamia upigaji picha, G. C. Latham upande wa elimu.

Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, nyingi zikieleza kazi za idara za serikali: afya, kilimo, mifugo, posta. Ile ya Benki ya Akiba ya Posta humwonyesha mtu aliyefukia fedha zake ardhini zikaibwa, ilhali za mwenzake zi salama benki. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini ujumbe uliamuliwa na wakoloni, na hilo lisisahauliwe. Maelezo yalichezwa kwa santuri, hivyo picha zilezile zilieleweka kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Zilizohifadhiwa London ni chache mno, mojawapo ikihusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro.