Taarifa za Forodha Zilivyovuka Mpaka wa Malaba

Foleni za malori zinazoanzia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kurudi nyuma hadi Amagoro zilisababishwa kwa miaka mingi na taarifa zisizovuka mpaka, si wingi wa magari pekee. Kenya ilianza kutumia mfumo wa forodha wa Simba mwaka 2005, ilhali Uganda ilitumia ASYCUDA, programu iliyobuniwa na UNCTAD mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo shehena moja ya Mombasa iendayo Kampala ilikuwa na kumbukumbu mbili zisizojuana, na wakala wa forodha alilazimika kuingiza upya ng'ambo ya pili maelezo yale yale. Mwaka 2007 mfumo wa RADDEx ulijaribiwa Malaba ili taarifa zitangulie kabla ya lori kufika.

Baadaye Uganda ilihamia ASYCUDA World, toleo lililoandikwa kwa lugha ya Java. Programu ya Java husoma hifadhidata kupitia kiendeshi, yaani programu ndogo inayopokea swali lililoandikwa kwa lugha ya SQL, ikaligeuza kuwa amri ambazo hifadhidata husika inazielewa, kisha ikarudisha safu za majibu. Kanuni za viendeshi hivyo, JDBC, zilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1997, na thamani yake kubwa ni kwamba mwandishi wa programu habadilishi kazi yake nzima kila hifadhidata inapobadilishwa.

Mifumo ya sasa, hata hivyo, mara nyingi haifungui hifadhidata yake kwa wageni, bali huweka API, mlango rasmi wa wavuti unaojibu ombi moja moja kwa maandishi ya JSON yaliyopangwa kwa matabaka. Ndipo vilipozuka viendeshi vya JDBC vinavyoigeuza API ionekane kama jedwali. Ugumu wake haustahili kupuuzwa: ikiwa API haiwezi kuchuja kwa namba ya tamko la forodha, kiendeshi hulazimika kuvuta kumbukumbu zote, ukurasa baada ya ukurasa, na kuzichuja chenyewe, jambo linalochosha mtandao na kuchelewesha jibu.

Uzito wa suala hilo la mifumo kusomana taarifa uliongezeka kuanzia mwaka 2014, utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulipowezesha kodi ya Uganda kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, kwa kuwa tangu hapo ofisa wa mpakani huthibitisha yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa nchi mbili walikaa chini ya paa moja, lakini kila upande ulibaki na mfumo wake; na Kenya ilipoanza kuiondoa Simba na kuweka mfumo mpya wa iCMS, viungo vilivyokwisha kujengwa vilihitaji kupangwa upya.