Kuchoka

"Mtoto kazaliwa amechoka," husema wakunga wa Tanzania wakimaanisha kichanga asiyelia wala kupumua. Neno la upole mno, naona: aliyechoka huachwa apumzike, kumbe huyu ubongo wake unakosa oksijeni. Utafiti wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa 2012, ulionyesha kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa pumzi huongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Mkunga humkausha mtoto, humsugua mgongo. Akibaki kimya, humvika barakoa na kubana mfuko wa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mfuko hauhitaji umeme, hivyo wafaa hata Kashuga, mashariki mwa Kongo, ambako vita vimewahi kufunga njia ya kwenda hospitali.