Sindano za Mtaa wa Mahema na Kofia za Majumbani Mwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, ivue kofia yako uiweke juu ya goti uitazame. Ikiwa ni kofia ya mkono, basi jaribu kuvihesabu vishimo vya safu moja tu. Utachoka kabla hujalimaliza duara. Na yule aliyeishona hakuvihesabu tu, bali alivizungushia uzi kimoja kimoja, mchana baada ya kwisha kupika, na usiku baada ya sala ya Isha, mgongo ukimuuma na macho yakimtoka machozi. Je, walijua jina lake? Na je, ulipoinunua, ulimlipa haki yake, au ulimpunja ukaona umefanya biashara?

Masuala haya mawili ndiyo yaliyonifanya nikuandikie leo. Lakini sitaanza na kofia. Nitaanza na habari ya mafundi wa Misri, ambao kazi yao ilikaribia kufa mbele ya macho ya watu wa mji wao, kisha ikaenda kuheshimiwa mbali, katika maonyesho ya mifarishi ya akina mama wa nchi za ugenini. Ndani ya habari hiyo mna mazingatio kwa mwenye kuzingatia.

Ukiingia mji wa kale wa Cairo, utaukuta mlango mkubwa wa mawe uitwao Bab Zuwayla, uliojengwa mwaka 1092 (485 Hijria), zama za Mafatimiya, kwa amri ya waziri Badr al-Jamali. Ukitoka nje ya mlango huo kwa upande wa kusini, utaingia katika soko lililoezekwa juu, lenye maduka madogo pande zote mbili. Soko hilo lilijengwa mwaka 1650 na Radwan Bey, ambaye alikuwa Amiri wa Haji kwa miaka mingi, yaani ndiye aliyesimamia msafara wa mahujaji watokao Misri kwenda Makka. Mtaa huo huitwa Khayamiya, na neno hilo latokana na *khayma*, yaani hema. Ni mtaa wa washona mahema.

Tafakari kidogo, ndugu yangu, uone jinsi mambo yalivyofungamana. Msafara wa haji ulikuwa ukikata jangwa kwa wiki nyingi. Ndani yake mlikuwa na wanavyuoni, wafanyabiashara, wazee, wanawake na watoto. Wote hao walihitaji kivuli mchana na sitara usiku. Kwa hivyo hema halikuwa pambo, lilikuwa ni katika zana za ibada. Na katika mji huo huo wa Cairo, mtaa wa Khoronfish, tangu mwanzoni mwa karne ya 19 palikuwa na kiwanda cha Kiswa, ile nguo ya Al-Kaaba, ambapo mafundi walitarizi aya kwa nyuzi za fedha na dhahabu. Kiswa hicho kiliendelea kupelekwa kutoka Misri mpaka mwaka 1962. Huko Makka nako kiwanda kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1927 (1346 Hijria), na hivi leo Kiswa chashonwa huko huko.

Turudi kwa washona mahema. Kazi yao ni ya wanaume, nao hukaa juu ya kijukwaa cha duka wamekunja miguu, nguo imewalalia mapajani. Kwanza fundi huchora nakshi juu ya karatasi, na mara nyingi huikunja karatasi ili pande zote zipate kulingana. Kisha huidunga kwa sindano kuifuata michoro, kishimo baada ya kishimo. Halafu huitandaza juu ya turubai nzito na kuipitishia unga, wa makaa ikiwa nguo ni nyeupe, au unga mweupe ikiwa nguo ni nyeusi. Unga hupenya katika vile vishimo, na karatasi ikiinuliwa, nakshi nzima imekwisha kukaa juu ya nguo. Hapo ndipo fundi hutwaa vitambaa vya rangi, akavikata kwa mkasi mkubwa, akakunja ukingo kwa ncha ya sindano na kuushona chini kwa mishono midogo isiyoonekana. Utaona humo nyota za pembe nyingi kama zile za sakafu za misikiti, maua ya yungiyungi, na maandishi ya khati. Kazi kubwa haiwi ya mtu mmoja. Huyu huchora, yule hukata, wale hushona, mpaka kikatoka kitu kimoja ambacho hakuna awezaye kusema, hiki ni changu peke yangu.

Mahema hayo na mapazia yake yalitumika katika arusi za Wamisri, na katika matanga yao, na katika mikusanyiko ya mwezi wa Ramadhani. Mtu alizaliwa na kuozwa na kuzikwa chini ya kivuli cha sindano hizo. Kisha yakaja yaliyokuja. Viwanda vikaanza kupiga chapa nakshi zile zile juu ya kitambaa chepesi, kikauzwa kwa mita kwa bei ya chini. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni kazi ya mkono, na ukikikaribia utaona ni rangi tu. Watu wakakinunua hicho. Kazi ya kweli ikabaki kuwategemea watalii, na baada ya machafuko ya mwaka 2011 watalii nao wakapungua sana. Fundi mwenye watoto, aliyejifunza kazi kwa miaka, akawa hana budi kujiuliza kama atamrithisha mwanawe sindano au atamwambia atafute riziki kwengine.

Lakini kabla ya mwaka huo, Mwenyezi Mungu alikuwa amekwisha fungua mlango kwa njia wasiyoitazamia. Palikuwa na bibi mmoja kutoka Australia, jina lake Jenny Bowker, ambaye mumewe alikuwa balozi wa nchi yao mjini Cairo. Bibi huyu mwenyewe ni fundi wa mifarishi. Katika nchi zao, akina mama hukusanya vitambaa vya viraka, wakaviunga kwa hesabu na nakshi, wakatia pamba katikati na bitana chini, kisha wakavishona pamoja. Na wana maonyesho makubwa ambapo kila mmoja hutundika alichokishona, wenzake wakaja kukitazama, wakaulizana mishono, na wakafunzana. Bibi huyu alipopita mtaa wa Khayamiya alitambua mara moja kilichokuwa mbele yake, kwa kuwa mwenye kuijua tabu ya kitu ndiye ajuaye thamani yake. Mwaka 2007 kazi za mafundi hao zikatundikwa katika maonyesho ya mifarishi mjini Melbourne. Baada ya hapo zikafika Uingereza, Ufaransa na Marekani, na katika baadhi ya safari mafundi wenyewe walikwenda, wakakaa na sindano zao mbele za watu, wakashona. Mwaka 2015 ikatoka filamu juu ya maisha yao, na mwaka 2018 chuo kikuu cha Kimarekani cha Cairo kikachapisha kitabu kizima cha historia ya kazi hii.

Mazingatio ya kwanza ni haya. Wale akina mama hawakuwa wa dini moja na mafundi wale wala wa lugha moja. Lakini walisimama mbele ya nguo ya Muislamu wakaikaribia mpaka pua zinagusa, wakitafuta mshono ulipojificha. Sisi ambao tumezaliwa na kazi kama hizo ndani ya nyumba zetu, ni lini tuliwahi kusimama hivyo mbele ya kofia, au mkeka wa ukili, au kitambaa kilichotariziwa na dada zetu?

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba haya ni mambo ya dunia tu yasiyo na asili katika dini. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja alimletea Mtume (s.a.w.) shuka aliyoifuma kwa mikono yake mwenyewe ili amvike. Mtume aliipokea naye anaihitaji, akatoka nayo mbele za watu hali ameivaa. Sahaba mmoja akaipenda akamwomba, na Mtume akampa. Watu walipomlaumu, alisema kwamba ameitaka iwe sanda yake, na kweli ikawa sanda yake. Nguo moja iliyofumwa na mkono mmoja ilikuwa zawadi, kisha sadaka, kisha sanda. Na Bibi Zainab binti Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa fundi wa mikono. Alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, kisha alichokipata akakitoa sadaka. Wanavyuoni wanasema yeye ndiye aliyekusudiwa Mtume alipowaambia wakeze kuwa atakayemfuata wa kwanza ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Walikuwa wakipimana mikono ukutani, kumbe urefu uliokusudiwa ni wa kutoa.

Na kama ilivyo nguo, ndivyo yalivyo mapambo. Kidani alichokivaa Bibi Aisha (r.a.) safarini hakikuwa chake, alikiazima kwa dada yake Asmaa (r.a.). Kilipopotea, Mtume (s.a.w.) na watu wote walisimama wakakitafuta mpaka asubuhi ikawakuta hawana maji, na hapo ikateremka aya ya kutayamamu. Kisha ngamia alipoinuliwa, kidani kikaonekana chini yake. Tazama rehema iliyoufikia Umma mzima kwa sababu ya pambo la kuazimana baina ya ndugu wawili! Na Bibi Aisha huyu huyu alikuwa na kanzu ya thamani ya dirhamu 5, ambayo kila bibi arusi wa Madina aliyetaka kupambwa alikuwa akimtuma mtu kwenda kuiazima. Ndivyo walivyofanya mama zetu pia: bangili kutoka nyumba hii, mkufu kutoka ile, vipuli kutoka kwa shangazi, mpaka mtoto wa maskini akakaa juu ya kiti cha arusi asijulikane kuwa ni maskini. Leo yule asiye na dhahabu yake mwenyewe huona aibu kuazima, na mwenye nayo huona uzito kuazimisha. Nasi tunaisoma Suratul Maun kila siku katika sala, na Ikrima (Mwenyezi Mungu amrehemu) alipoifasiri alieleza kwamba kidogo kabisa kinachoingia katika hiyo maun ni chekecheo, na ndoo, na sindano. Naam, sindano!

Pengine utasema, "Sheikh, je, kuonyesha kazi hadharani si ria?" Nakujibu kwamba matendo hufuata nia. Anayeonyesha ili wenzake wawe duni mbele yake, huyo ameipoteza kazi yake. Ama anayeonyesha ili mwengine ajifunze, na mnunuzi aijue tofauti ya mkono na mashine, na mjane apate bei ya haki, huyo amefundisha na amesaidia, na yote mawili ni katika mema.

Nami sikuandikii haya kama mtu aliyesalimika. Mwaka mmoja chuo chetu kilitaka kuwatunza watoto waliokhitimu. Nikenda dukani nikanunua kofia za mashine dazeni mbili kwa kuwa ni rahisi. Siku ya pili mtoto mmoja akanijia akasema, "Shikamoo, Sheikh. Mama auliza, kofia zetu zina kasoro gani?" Mamake ni mjane, na ada ya mwanawe alikuwa akiilipa kwa sindano. Na kofia niliyokuwa nimeivaa wakati ule ilikuwa imeshonwa na yeye, na baki ya bei yake nilikuwa sijampa tangu Idi. Sikuwa na jawabu. Alasiri ile ile nikenda mlangoni kwake nikamlipa nikamtaka radhi. Akapokea, akaniombea dua. Wallahi dua yake ilinitia haya kuliko swali lake.

Mtume (s.a.w.) ametuusia tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kushona kofia jasho lake halionekani, kwa kuwa yuko ndani. Basi je, kwa kuwa hatulioni, ndiyo tungoje likauke?

Kwa hivyo nakuusia wewe na naiusia nafsi yangu mambo matatu. Kwanza, ukinunua kazi ya mkono, uliza imeshonwa na nani, na umlipe siku ile ile. Pili, katika hafla zetu za Maulidi na za kukhitimisha, tutenge mahali akina mama watundike kofia na mikeka na vitambaa vyao, kila kimoja na bei yake ya haki, na watoto wa kike wakae pamoja nao wajifunze. Tatu, turejeshe kuazimana mapambo na vyombo kama walivyofanya waliotutangulia. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl amempigia mfano mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua vipande vipande. Mfano ule umekuja kwa wenye kuvunja ahadi. Na ni ahadi gani iliyo kubwa baina ya watu wa mji mmoja kuliko kutopunjana?

Sasa irudishe kofia yako kichwani, ndugu yangu. Na ukitoka kwenda msikitini, pitia nyumba ya aliyeishona.

Ewe Mola wetu, ibariki mikono yenye kufanya kazi ya halali, uyatilie nuru macho yaliyochoka kwa sindano, na utuepushe na kula haki za wanyonge. Amin.

Wabillahi tawfiq.