Kinga na Kizuizi: Usalama wa Dirisha la Pili katika Majengo ya London baada ya 1992

Dirisha la pili ni fremu yenye kioo inayofungwa upande wa ndani wa dirisha la awali ili kupunguza baridi na kelele. Nchini Uingereza liliyafaa hasa majengo ya kihistoria, kwa kuwa sheria ilizuia kubadili sura yake bila kibali. Insha hii inadai kwamba milipuko ya miaka ya 1990 iliipa fremu hiyo kazi mpya ya kulinda mwili, na kwamba kinga hiyo ilizaa hatari yake.

Sehemu N ya kanuni za majengo, iliyoanza kutumika England mwaka 1992, ilimfikiria mtu anayejigonga kwenye kioo. Kwa hiyo ilidai kioo salama madirishani chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, na milangoni hadi milimita 1500. Mabomu ya IRA ya St Mary Axe, tarehe 10 Aprili 1992, na Bishopsgate, tarehe 24 Aprili 1993, yalidhihirisha kinyume chake: kioo nacho humfuata mtu. La Bishopsgate lililipuka Jumamosi, ofisi nyingi zikiwa tupu; aliyeuawa ni mmoja. Nairobi haikupata ahueni hiyo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, waliosikia mshindo wa kwanza kwenye Ubalozi wa Marekani walisogea madirishani kutazama. Bomu lilipolipuka, vioo viliwapofusha wengi. Waliouawa jijini humo walikuwa 213.

Uteuzi wa kioo ukawa, basi, suala la uhai. Kioo kilichoimarishwa kwa joto huvunjika vipande vidogo butu, lakini mlipuko huvirusha chumbani. Kioo cha tabaka hupasuka huku vipande vikishikiliwa na utando wa plastiki ulio katikati. Hata hivyo, fremu isipokazwa barabara ukutani, kioo kizima huingia ndani.

Sifa hiyohiyo ya kutovunjika humfungia njia mtu anayekimbia moto. Ndiyo maana mwongozo wa England hudai dirisha la kutorokea liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, na upana na kimo visivyopungua milimita 450. Dirisha la pili lisilofunguka hulibatilisha lile la kwanza, hata kama hilo lina uwazi wa kutosha.

Kwa kuhitimisha, historia hii inaonyesha kwamba usalama wa dirisha la pili haupimwi kwa uimara wa kioo peke yake. Hupimwa pia kwa fremu, ukuta unaoibeba, na wepesi wa aliye ndani kutoka.